Maelezo ya zana kwa mawakala wa AI: andika yale ambayo dukani kila mtu anayajua

"Naomba ishirini za ile ya bluu kwa kumi na mbili, zije Mbagala kesho saa nne."

Ujumbe wa namna hii ukiingia WhatsApp kwenye duka la jumla la khanga, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hakuna muuzaji anayeumiza kichwa. Ishirini ni doti ishirini, maana pale hapauzwi kipande kimoja kimoja. Kumi na mbili ni shilingi 12,000 kwa doti. Saa nne ni ya asubuhi, kwani nani apokee mzigo saa nne usiku? Mbagala ni kubwa, kwa hiyo atauliza kama ni Rangi Tatu au Zakhem kabla hajamwita bodaboda. Basi, kazi imeisha.

Sasa kazi hiyo hiyo apewe wakala wa AI, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kutenda mambo badala ya kujibu maswali tu: kuangalia stoo, kuweka oda, kuomba malipo. Kwenye mfumo wa duka anakuta zana inayoitwa `weka_oda`. Maelezo yake yote ni sentensi moja: "Inaweka oda ya mteja." Inataka bidhaa, idadi, bei, muda na namba ya simu. Wakala anajaza idadi 20, bei 12, muda 04:00. Mfumo unapokea bila kusita, kwa sababu 20 ni namba, 12 nayo ni namba, na 04:00 ni saa halali. Oda imeingia: vipande ishirini, ambavyo ni doti kumi, kwa shilingi kumi na mbili, vifike alfajiri.

Ukimlaumu aliyetengeneza modeli utakuwa umekosea mlango. Modeli nzuri ingeweza kupatia mara nyingi, na hapo ndipo tabu ilipo, maana "mara nyingi" ndiyo inayomfanya mwenye duka aamini na kuacha kukagua. Modeli ya lugha ikikosa taarifa haikai kimya. Inajaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwa kweli kutokana na maandishi iliyofunzwa nayo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo haikuandikwa na watu wanaonunua khanga kwa doti. Kuandika maelezo ya zana kwa ajili ya wakala, kwa jinsi ninavyoiona mimi, ni kazi ya kutafuta kila mahali atakapolazimika kukisia na kupaziba.

Wakala anaona nini

Wengi hudhani modeli "inaingia" kwenye mfumo. Haiingii popote. Mwanzoni mwa mazungumzo inapewa orodha ya zana, kila moja ikiwa na jina, maelezo, na skima inayosema zana inapokea data gani na za aina gani. Ikiona zana fulani inafaa, inaandika ombi: jina la zana pamoja na thamani za kujazwa. Programu inayoizunguka ndiyo inayotekeleza ombi hilo, kisha inairudishia jibu kama maandishi, nayo inasoma na kuamua hatua inayofuata. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, iliuweka utaratibu huu kwenye API yake, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuitumia modeli, Juni 2023. Novemba 2024 Anthropic ikatoa Model Context Protocol, itifaki ya wazi ambayo wengi huiita MCP, ili zana iandikwe mara moja na itumike na programu nyingi tofauti. Mwaka 2025 OpenAI na Google nao wakaikubali.

Kinachotakiwa kukaa kichwani hapa ni kimoja. Wakala haoni msimbo wako. Haoni hifadhidata, haoni maoni uliyoandika pembeni ya msimbo, haoni kikao cha Jumatatu mlichokubaliana kwamba `hali: 3` maana yake mzigo umeshatoka. Anaona jina, maelezo na skima, basi.

Nyaraka nyingi tulizozizoea ziliandikwa zikimtegemea msomaji mwenye wenzake. Mwanafunzi wa field akija ofisini Kijitonyama na kukuta parameta, yaani nafasi ya kujazwa data, inaitwa `aina`, atageuka na kumuuliza dada aliyekaa meza ya pili. Baada ya wiki mbili ameshajua, na hakuna aliyeandika kitu. Wakala hana meza ya pili, na akianza mazungumzo mapya kesho, kwa kawaida anaanza kama mgeni kabisa. Kile ambacho mwanafunzi alikipata kwa kuuliza, yeye lazima akikute kimeandikwa, au aelekezwe waziwazi kwamba hapa asimame amuulize mteja.

Kuchagua zana

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya kujaza chochote. Mfumo una `pata_data`, `pata_taarifa` na `tafuta`, na aliyeziandika anajua tofauti yake kwa sababu aliziandika kwa miezi tofauti. Anayeziona zote kwa pamoja hana njia ya kujua. Jina libebe tendo na kitu kinachotendwa: `tafuta_bidhaa`, `angalia_oda`, `angalia_malipo`. Halafu maelezo yaseme wakati wa kutumia zana na, hasa, wakati wa kutoitumia. Mfano: "Inatafuta bidhaa zilizopo stoo sasa hivi. Haionyeshi oda zilizokwisha wekwa; kwa hizo tumia `angalia_oda`." Sentensi ya pili ndiyo yenye thamani zaidi na ndiyo watu huiruka, kwa sababu ukiwa ndani ya mfumo wako mwenyewe huwezi kuamini kwamba mtu anaweza kuvichanganya vitu hivyo viwili.

Kipimo, bei, saa na namba ndefu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na Dar es Salaam ina mitego yake.

Anza na idadi. Badala ya parameta `idadi` yenye maelezo "Idadi ya bidhaa", ambayo hayamwambii mtu kitu ambacho jina halijamwambia tayari, iite `idadi_doti` na uandike: "Idadi kwa doti. Doti 1 ni vipande 2 vya khanga visivyokatwa. Mteja akitaja vipande, gawanya kwa 2. Ikiwa ni namba witiri, muulize. Akitaja robota, usibadilishe mwenyewe. Muulize anataka doti ngapi." Kipimo kikikaa ndani ya jina kinaonekana kila mahali jina linapoonekana, hata kwenye kumbukumbu za mfumo ambako maelezo hayafiki.

Bei ni ngumu zaidi kwa sababu tunapozungumza tunaacha "elfu". Mtu anasema "hii themanini na tano" na wote mnajua ni 85,000. Kuna buku, kuna jero, kuna laki na nusu. Andika hivyo hivyo wanavyosema: "Bei ya doti moja kwa shilingi kamili. Wateja husema 'kumi na mbili' wakimaanisha 12000, 'buku tatu' 3000, 'laki na nusu' 150000." Kisha weka kwenye skima kwamba thamani ndogo kabisa inayokubalika ni 1000. Skima ya JSON, mtindo wa kawaida wa kuandika skima hizi, inaruhusu kuweka kikomo cha namna hiyo, na 12 itakataliwa pale pale. Lolote ambalo mashine inaweza kulikagua liweke kwenye skima, maneno uyabakize kwa ajili ya maana.

Bado kuna senti. Kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Tanzania ina desimali mbili ingawa senti haijashikwa na mtu siku nyingi, wakati ya Uganda haina hata moja. Ipo mifumo ya malipo inayotaka kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kwenye mfumo kama huo 12000 ni shilingi 120. Maelezo yasiposema "shilingi kamili" au "senti", nusu ya watakaoiunganisha zana yako watakosea, wawe watu au mashine.

Saa nayo. Taka tarehe na saa kwa mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, wenye tofauti ya saa za ukanda, kama 2025-06-14T10:00:00+03:00, halafu toa mifano ya kutosha: saa nne asubuhi ni 10:00, saa nane mchana ni 14:00, saa nne usiku ni 22:00, saa nane usiku ni 02:00 ya tarehe inayofuata. Kanuni fupi ya "ongeza sita" inaonekana nadhifu lakini usiku inaleta utata, ndiyo maana mifano ni salama kuliko kanuni. Eleza pia afanye nini mteja asiposema asubuhi au usiku: achukue saa iliyo ndani ya muda wa kazi, kisha ampe mteja athibitishe. Na kama seva yako inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, sema. Oda inayoingia hapa saa saba usiku, yaani 01:00, kwa UTC bado ni saa 22:00 ya jana yake, na mteja anayeuliza "oda yangu ya leo" atajibiwa haipo.

Namba ndefu nazo zina balaa lake la kimyakimya. Tokeni ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina 20 pia. Ukiitangaza parameta kuwa aina ya namba, programu nyingi, zikiwemo zote zinazotumia namba za kawaida za JavaScript, haziwezi kushika kwa uhakika namba nzima inayozidi 9,007,199,254,740,992, yenye tarakimu 16. Zinazozidi hapo hukadiriwa. Mteja anapewa tokeni iliyobadilika tarakimu za mwisho, anaibonyeza kwenye mita, mita inakataa, na hakuna kosa lolote lililorekodiwa mahali. Namba ya simu inayoanza na 0 ikihesabiwa kama namba inapoteza ile sifuri. Tangaza zote kuwa maandishi, weka mfano, na eleza umbo: "255 ikifuatiwa na tarakimu 9, bila nafasi wala alama ya kujumlisha." Chochote ambacho hutajumlisha wala kuzidisha si namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu.

Malipo, na mtandao unaposuasua

Zana ya kuomba malipo kwa simu inafundisha kuliko nyingine zote. Ukiiita, kampuni ya simu inatuma ombi kwenye simu ya mteja, linatokea dirisha la kuweka namba ya siri, na mteja ataweka akiwa na nafasi, pengine baada ya kushuka kwenye daladala. Mfumo lakini unajibu papo hapo: `INASUBIRI`. Wakala ambaye hajaelezwa anaona kwamba malipo hayajafanikiwa, na kwa kuwa amefunzwa kuwa mwenye bidii, anaita tena. Mteja anakuta madirisha matatu, na anayeamini duka lake anaweza kuweka namba ya siri kwenye yote.

Maelezo yanayofaa yako hivi: "Inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Jibu `INASUBIRI` si kosa. Linamaanisha mteja hajaweka namba ya siri. Usiite zana hii mara ya pili kwa oda ile ile. Tumia `angalia_malipo` ukiwa na namba ya kumbukumbu uliyorudishiwa. Baada ya dakika tano bila jibu, mwulize mteja kama ameliona ombi." Pamoja na hayo, seva yenyewe ikatae ombi la pili lenye namba ya kumbukumbu ya oda ile ile. Kwenye fedha huwezi kutegemea kwamba msomaji wa maelezo ametii, na mtandao ukikatika katikati ya ombi hata wakala mtiifu hawezi kujua kama lilifika.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, ingawa watu wengi hawauchukulii hivyo. "Kosa 400" inamwambia wakala kwamba kuna kitu kibaya, naye ataanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha. "Namba ya simu ina tarakimu 10 baada ya 255, zinatakiwa 9" atairekebisha mara moja, au atagundua mteja alikosea kuandika na kumuuliza. Napenda kila ujumbe wa kosa useme zamu ni ya nani: wakala arekebishe alichotuma, mteja atoe taarifa, au wote wasubiri kwa sababu huduma ya kampuni ya simu iko chini. Bila hilo la tatu wakala atampigisha mteja mbio za kubadilisha namba isiyo na kasoro.

Jambo jingine dogo linalouma: orodha tupu. `tafuta_bidhaa` ikirudisha orodha tupu, maana yake khanga ya bluu imeisha, au hifadhidata haikujibu? Kwa wakala vyote ni sawa, na atamwambia mteja kwa adabu zote kwamba bidhaa imeisha wakati stoo imejaa. "Hakuna" na "sijaweza kuangalia" ni majibu mawili tofauti, na kila moja liandikwe lilivyo.

Urefu, lugha, majaribio

Baada ya kusoma haya unaweza kutamani kuandika kurasa kumi kwa kila zana. Usifanye hivyo. Orodha ya zana inasomwa na modeli kila mara na inakula nafasi ile ile ya maandishi inayohitajika kwa mazungumzo, tena zana zikiwa nyingi uchaguzi unazidi kuwa mbaya. Matumizi ya maneno yafuate hatari: `angalia_oda` inatosha sentensi mbili, `omba_malipo` inastahili aya nzima. Majibu nayo yapunguzwe. Wakala anayetaka kujua kama oda imetoka hahitaji kurudishiwa kila safu ya jedwali.

Wenye API za zamani watauliza kama faili la OpenAPI, lile lililoanza kwa jina la Swagger, linatosha kuzalisha zana zenyewe. Linatoa mifupa: majina, aina, njia za kuita. Doti na saa nne halitakupa, kwa sababu hakuna aliyeziandika humo. Kuna pia llms.txt, pendekezo la mtafiti wa AI Jeremy Howard la Septemba 2024, faili la maandishi linalowekwa kwenye tovuti ili modeli isome muhtasari uliopangwa badala ya kuparaza kurasa. Ni zuri kwa nyaraka za kusomwa. Kwa zana za kutenda, kazi bado inafanyika kwenye maelezo ya zana zenyewe.

Kiswahili au Kiingereza? Modeli kubwa za sasa zinaelewa vyote, na kwa nyingi maandishi ya Kiswahili huchukua nafasi zaidi kwa maana ile ile, kwa kuwa namna modeli hizo zinavyokata maneno vipande vipande ilitegemea zaidi Kiingereza. Mimi ningeandika kwa lugha ambayo mtu wa dukani anaweza kuikagua, kwa sababu mwenye kujua kwamba robota halina idadi moja ni yeye, si aliyeandika msimbo. Timu ikichagua Kiingereza, maneno ya wateja yabaki yalivyo: doti, jumla, rejareja, laki na nusu. Yakitafsiriwa yanapoteza kile kilichokuwa kinamsaidia wakala kuyatambua.

Kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chukua jumbe halisi za wateja, ondoa majina na namba zao, mpe wakala kwenye mfumo wa majaribio, kisha usisome jibu lake. Soma alichoita na alichojaza. Jibu linaweza kuwa tamu huku muda umeandikwa 04:00. Ukikuta kosa, kishawishi ni kuongeza onyo kwenye maelekezo makuu ya wakala. Rekebisha zana kwanza, kwa sababu wakala mwingine atakayeunganishwa mwezi ujao hatayaona maelekezo yale. Rudia pia kwa modeli nyingine, maana unaweza kuwa umeandika maelezo yanayoizoea modeli moja.

Na kuna yasiyowezekana kwa maelezo. MCP ina viashirio vya kutangaza kwamba zana inasoma tu au inaweza kuharibu data, lakini waraka wake wenyewe unataka vichukuliwe kama dokezo lisiloaminika, isipokuwa vimetoka kwenye seva unayoiamini. Hilo lina sababu: maelezo ya zana yanasomwa na modeli kama maandishi mengine, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani yake, au ndani ya ujumbe wa mteja. Kwa hiyo kufuta oda iliyolipiwa, au kurudisha fedha, wakala aandae na mtu wa duka aidhinishe. Punguzo la bei liwe na kikomo kinachosimamiwa na seva, na kikomo hicho kitajwe kwenye maelezo pia, ili wakala asikubaliane na mteja wa Mbagala bei ambayo mfumo utaikataa dakika moja baadaye.